Mgongo wa Mkalimani

Dada Zuhura,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili kutoka Bujumbura. Joto la huku limezidi la kwetu Kigoma, na hasira yangu imelizidi joto.

Jana nilikwenda ukumbini Gihosha. Serikali ilikuwa inaeleza itakavyowasaidia viziwi kama wewe, na lugha yenu ya alama. Mkalimani alikuwepo, mama mwenye mikono myepesi kweli. Lakini bwana wa protokole, yule msimamizi wa itifaki, akamgeuza awaelekee wakubwa waliokaa jukwaani: "Apana, madamu, we hauwezi kupa wakubwa mugongo!" Basi saa nzima mama akawatafsiria watu wenye masikio yao mazima, na viziwi wakabaki kukodolea macho kitenge chake kwa nyuma.

Mwisho wakachoka. Wakabeba viti vyao, wakapanda jukwaani, wakakaa nyuma ya wakubwa, ambako mikono ya mama ilionekana yote. Bwana wa protokole akawapigia kelele warudi. Kelele, Dada! Hakuna aliyegeuka.

Nakuletea samaki, mikeke mikavu, ile migebuka yetu. Wakumbatie watoto. Nilikukumbuka sana jana: ungekuwa wa kwanza kubeba kiti.

Mdogo wako,
Mwajuma