Mama Kulwa, Mwanao Anataka Timu Ipite Getini

Mke wangu Mama Kulwa, huko uliko,

Shikamoo sikupi, mimi ndiye mkubwa wako, hata kama kufa umenitangulia bila ruhusa. Nakuandikia nimesimama. Kukaa nimeshindwa tangu asubuhi. Nimeizunguka nyumba mpaka kuku wameanza kunishuku.

Jambo lenyewe hili: timu ya Segese, ile niliyoichezea mimi, nikaja nikaifundisha mimi, sasa kocha wake ni Kulwa. Ndiyo, binti yako. Mimi goti limegoma, viongozi wakampa yeye. Leo jioni mechi yake ya kwanza, na wachimbaji dhahabu wa Bulyanhulu, wale wenye mapaja kama vinu. Na mwanao ametangaza timu itapita getini. Getini, Mama Kulwa! Kama wageni wa harusi.

Wewe unanijua. Maisha yangu yote ya mpira geti la uwanja sijalikanyaga. Getini ndipo adui anapofukia vitu vyake vya uchawi. Mimi nilipenya kwenye ua, nikaingia, nikafunga. Unalikumbuka goli la Nyahanga? Nilipiga kutoka katikati, mpira ukapasua nyavu, ukaenda kuua bata wa mwalimu mkuu, wakatulazimisha tumle. Wewe ulikuwa pembeni unauza michembe, vile viazi vyako vikavu, ukawa unawaambia wateja, "Msimsikilize huyu. Hilo goli kila mavuno linanenepa." Wivu tu. Hata ndoa uliikubali kwa ajili ya goli hilo.

Haya, kuna siku ya minyaa. Siikatai. Nilikuwa kocha, nikawapenyeza vijana kwenye ua wa minyaa, matawi yakakatika, utomvu ukawaingia machoni. Kipa wetu alidaka hewa kipindi kizima huku analia kama bibi harusi. Ukaacha michembe yako, ukaingia uwanjani na chupa ya maziwa, ukamwosha macho mbele ya watu.

"Mama Kulwa, toka," nikakwambia, "huu ni uchawi."

Hata hukugeuka. "Uchawi gani unaota majani? Mganga aliyewaloga ni wewe."

Uwanja mzima ukacheka, na refa naye. Kulwa aliona yote. Mimi nasema mpaka leo ulikuwa uchawi.

Sasa sikia. Asubuhi hii kapteni kaja na wenzake, wananong'ona kama wezi wa mbuzi.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Kocha yuko ndani, anapiga pasi jezi."

"Tumekuja kwako, mzee. Dada anasema getini. Wewe ukisema kwenye ua, sisi tunapita kwenye ua. Atatufanya nini?"

Mama Kulwa, pima mwenyewe. Nikisema kwenye ua, mwanao kwisha, hakuna mchezaji atakayemsikiliza tena. Nikisema getini, halafu wafungwe, Segese nzima itasema binti kaleta mkosi. Na kusema kweli lile geti silipendi. Jana nilisimama kwa mbali nikaliangalia, udongo wake umekaa kama umechimbwa. Najua huku kwetu kila mahali pamechimbwa, lakini pale pamechimbwa vibaya.

Nikawaambia, "Muulizeni kocha."

"Mzee, si wewe ndiye..."

"Mimi baba yake. Muulizeni kocha!"

Kapteni akanitazama kama nimeuza mechi. Wakaingia ndani. Nikasikia sauti ya Kulwa, wala haikupanda: "Getini. Na mimi ndiye ninayetangulia."

Anatangulia yeye! Hicho kiburi kakitoa kwako, usinisingizie.

Basi nimeshavaa viatu. Nakwenda sasa hivi, kabla yao. Nitapita lile geti mimi, niingie, nitoke, niingie tena, mpaka walinzi wanione mwendawazimu. Kama pana kitu, kinikute mimi, kimalizie nguvu zake kwangu. Mwanao akifika akute udongo tu.

Wabeja, mke wangu, asante kwa yote. Pumzika, mimi siwezi.

Mumeo,
baba wa kocha