Mahali pa Baba Yako Pamekaliwa

Tanaeang,
Onotoa,
Kiribati.
2 Juni 1997

Mpendwa kaka Teburea,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, dada yako Rotia, mtoto wa mama yako mdogo, na kwa wote wa nyumbani tuliobaki. Hujambo? Shemeji hajambo, na watoto? Na huo mguu wako wa kushoto unaendeleaje, uvimbe umepungua? Uoshe kwa maji ya moto yenye chumvi, na usimfiche shemeji, wewe si kijana tena. Sisi huku hatujambo kiasi. Mvua imegoma na maji ya kisima yameanza kuwa na chumvi, lakini samaki wapo na tembo tamu la mnazi lipo, kwa hiyo hatulali njaa.

Najua unashangaa kupata barua yangu. Tangu mlipohamia Gizo, ng'ambo ya bahari, tukiwa watoto, mimi na wewe tunaandikiana Krismasi tu, na mwaka jana hata Krismasi ulinisahau. Sikulaumu. Leo nina shida, na shida yenyewe ni yako kama ilivyo yangu.

Vijana wetu wamealikwa kwenye tamasha la vijana wanaharakati wa dunia nzima, huko Kuba, mwishoni mwa mwezi ujao. Mimi ndiye ninayeandaa msafara. Wanakwenda kuwaeleza walimwengu habari za mabomu ya nyuklia yaliyolipuliwa kisiwani Kiritimati, na jinsi bahari inavyoila ardhi yetu, na watacheza ngoma yetu inayochezwa kwa kukaa. Msemaji wao ni binti yangu Tiriata. Ana miaka kumi na tisa, mdomo kama wangu, kipaza sauti hakimtishi. Nimehangaika na pasipoti na sindano na mavazi ya ngoma mpaka nikakonda, na mimi kukonda si jambo dogo.

Sasa sikia nilivyoharibu. Mazoezi tunafanyia ndani ya maneaba, ukumbi wa wote. Ulipoondoka ulikuwa mdogo, lakini hili huwezi kulisahau: mle ndani kila ukoo una mahali pake pa kukaa, na mtu hakai pa mwenzake hata kama pako tupu. Mahali penu, upande wa mashariki karibu na nguzo, hapajakaliwa na mtu tangu marehemu baba yako, baba mkubwa wangu, alipokunja mkeka wake mkaondoka. Tunapafagia tu, tunapita pembeni.

Mimi nikataka tupendeze. Nilikuwa nimeona picha za matamasha hayo, watu wamejipanga wakapangika. Basi nikawapanga vijana kwa kimo, wafupi mbele, warefu nyuma. Tiriata ni mrefu. Nafasi yake ikaangukia pale pale pa baba yako. Sikuona, kaka. Kichwa kilikuwa Kuba.

Ngoma ikaanza. Unajua ngoma yetu ikimpanda mtu hulia na kutetemeka, na watazamaji ndiyo raha yao. Tiriata alipoanza kutetemeka tukapiga vigelegele, na mimi nilipiga kuliko wote. Halafu wimbo ukaisha. Wenzake wakanyamaza, yeye akaendelea. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyevuta tumbaku maisha yake yote, na wimbo wenyewe hakuna aliyemfundisha. Mzee Nakibae, anayesimamia maneaba, aliudondosha mkongojo wake. Alisema wimbo ule aliusikia mara moja tu maishani, kinywani mwa baba yako, siku mliyopanda meli.

Tangu hapo mtoto si wangu. Asubuhi ni Tiriata kamili, anacheka, ananitania kwamba nakoroma. Jua likianza kushuka mikono inampoa, anainuka bila neno, anakwenda kukaa pale pale, miguu ameikunja kama wanaume. Anaomba tumbaku. Huyu hajawahi kuvuta hata ya kuonja! Nikimwita Tiriata hageuki. Siku moja nilimwita "Baba" kwa kumjaribu, akageuka, akanitazama taratibu kama anayenikumbuka. Nilikimbia, sikufichi.

Juzi wenzake walijaribu kumbeba. Vijana wa nguvu, walianza kwa utani mwingi. Mmoja akapumua, akaniambia, "Mama, huyu habebeki. Ni kama tunang'oa nguzo." Utani ukaishia hapo, na mazoezi yakaishia hapo pia.

Usidhani nimekaa tu. Nimempeleka penye mawe ya wahenga, nikaweka tumbaku, nikampaka mchanga mashavuni kama ilivyo desturi. Mchungaji ameomba mpaka sauti imemkauka. Mwishowe Mzee Nakibae akaniita mbele ya wazee wote.

"Wewe mama, binadamu unawapanga kama mikebe ya nyama dukani?"

"Mzee, kule Kuba hakuna maneaba."

"Hapa ipo. Mwenye mahali amemshika aliyepakalia. Hakuna kijana atakayepanda ndege mpaka mtu wa ukoo ule aje akae pake."

"Wako Gizo, mzee! Gizo!"

"Si ndiyo maana anawaita."

Kwa hiyo kaka, nakuomba na ninapiga magoti, uje. Kama wewe huwezi, mtume mwanao Ioane. Akae pale jioni moja tu, mwanangu ainuke. Baada ya hapo Ioane akitaka kwenda na vijana Kuba, nafasi nitamtafutia, unanijua nikikamia jambo. Msafara ukivunjika nitalia, kisha nitanyamaza. Lakini kila kukicha Tiriata anachelewa zaidi kuwa yeye tena. Leo asubuhi nimempelekea chai akaniuliza mimi ni nani. Naogopa, Teburea. Mwanangu ananiponyoka nami nimekaa namtazama.

Nisalimie shemeji Teaote, Ioane na wadogo zake, na uniwekee ua kaburini kwa baba mkubwa. Mjomba Bwere anakusalimu sana, anauliza kama bado unawakimbia kaa. Barua hii naituma kwa mkono wa baharia Kabuta, mpe chakula, ni mlaji.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini wewe ni mtu wa kanisa, utasema watu wa Onotoa wamerukwa na akili. Basi rudi pale juu usome tena nilipokuulizia mguu.

Hakuna aliyenipa habari za mguu wako. Tangu Pasaka hajafika huku mtu yeyote kutoka kwenu, wala barua. Jana jioni nilijikaza nikakaa mbele ya huyo aliyekaa pale, nikamuuliza, "Baba, unataka nini?" Akanijibu kwa mdomo wa mwanangu: "Teburea amejikata mguu wa kushoto kwa shoka, akichonga mtumbwi. Anavaa suruali ndefu, anamficha mkewe. Mwambie aje, kabla sijamfuata mwenyewe."

Kama mguu wako ni mzima, ichane barua hii, unicheke mpaka uchoke, nami nitashukuru kuchekwa. Kama unauma, usipoteze muda kunijibu. Panda ndege.

Mungu wa wazee wetu akutangulie njiani, na akufikishe ukiwa unatembea.

Mimi dada yako nikupendaye, niliyekutandikia mkeka,

Rotia