Koki Aliyoifungua Baba

Dada yangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia mgongo umepoa na wapwa zangu wanasoma vizuri. Sisi huku hatujambo, kwa macho ya watu. Baba anakusalimu.

Uliuliza habari za mashua. Kazi imekwisha. Ile injini ya dizeli ya baba, ya kutumia upepo ukikata, tumeing'oa, na badala yake nimefunga mota ya umeme, betri nane chini ya benchi alilokuwa akikalia marehemu mama. Jumamosi niliitoa gatini tanga likiwa limekunjwa, bila moshi wala kelele, na mafundi wenzangu wakanipigia makofi. Baba alikaa mbele, mikono mapajani, akasema inakwenda kama jeneza.

Unakumbuka alivyokuwa akinitania, akiniita Fundi Taa, kwamba umeme ni wa kumulika chooni, chombo kinataka injini inayokohoa. Miaka mitatu nilimwomba tubadilishe, akaniambia nisubiri afe kwanza. Kisha siku moja injini ikapata moto, ikanoki, ikafa kabisa mbele ya gati nzima, maana koki ya maji ya kuipoza ilikutwa imefungwa. Fundi dizeli wa miaka arobaini, kasahau koki! Watu walimcheka kwa heshima, yaani pembeni. Tangu hapo hajagusa spana. Akizima jiko, anaandika kwenye karatasi kwamba amelizima. Kila asubuhi hushuka ndani ya mashua kupapasa mahali pa koki, ingawa nilishapaziba, kwa kuwa mota hii hupozwa kwa hewa. Anasema anahakikisha tu.

Sasa unaandika kwamba akili ya mzee imechoka, unakuja mwisho wa mwezi kumchukua akae kwako, nyumba ifungwe. Kabla hujakata tiketi, soma hapa polepole. Baba aliifungua ile koki. Nilimwona kwa macho yangu. Alipogeuka kufungua kamba, niliinama nikaifunga mimi. Nilitaka injini ipate moto kidogo tu, aikatie tamaa. Sikujua kwamba angejikatia tamaa mwenyewe. Najichukia, dada. Msiba wa kujitakia hauna kilio, kwa hiyo pole yako siiombi.

Jana nilipiga magoti nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega, akanishukuru. Alisema mama alinilea vizuri, ndiyo maana nataka kumbebea yeye aibu ya kusahau. Kisha akaniuliza kama nguo zake zitaenea kwenye sanduku moja.

Wewe tangu utotoni hukuwahi kuniamini, hata nikisema nimenawa mikono. Hili moja niamini. Njoo, lakini usije kumchukua. Njoo umwambie wewe kwamba hakusahau, maana mimi ananiona mtoto mwema.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu wabusu kwa niaba yangu. Baba ameshaanza kukunja mashati.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Taa