Gitaa la Selemani

Jumamosi, 3 Julai 1993
Mazoezi kama kawaida. Maji Newala hakuna, nimeoga nusu ndoo. Mimi gitaa la solo, mdogo wangu Selemani gitaa la ridhimu. Huu mwaka wa ishirini na mbili tangu tuanze kupiga bluzi kule Lulindi. Wimbo naanzisha mimi, yeye anafuata. Ukumbini hawatutaki tena, wamemkodishia mtu wa disko na jenereta lake. Soko huria, wanasema.

Jumatatu, 5 Julai
Selemani anauza gitaa. Anataka baiskeli, atembeze mitumba vijijini. Kachoka kufuata, kasema. Nimemwita msaliti mbele ya mkewe. Nimekosea, najua. Radhi siombi.

Alhamisi, 15 Julai
Siku kumi hajanipa shikamoo. Napiga peke yangu, nyimbo zinapwaya kama suruali ya kuazima.

Dada kaja kutoka Chiungutwa. Mwanawe anatoka jandoni tarehe 25. Nilidhani kaja kutupatanisha, kumbe kaja kutuamuru. Kanigeukia mimi: "Baba Somoe, wajomba wa mwanangu ni nyie. Disko sikodi mie. Mtapiga."

Selemani kakubali. Mara ya mwisho, kasema. Baada ya hapo gitaa linakwenda kwa mnunuzi. Naogopa.

Jumapili, 25 Julai. Chiungutwa
Mtu mzima nimesahau mila. Mjomba mkubwa ndiye anayembeba mwali wa jando mabegani hadi nyumbani. Gitaa nimeshalivaa, dada akanivua.

Mtoto shingoni, vumbi, vigelegele. Selemani akaanza peke yake. Bluzi yetu ile ile, ila polepole zaidi, na solo kaijaza mwenyewe, tena vizuri kuliko mimi. Akina mama wakacheza. Miaka yote nimesimama ubavuni kwake na sikuwahi kumsikiliza. Nililia. Watu walidhani mtoto ni mzito.

Jumatano, 28 Julai
Asubuhi nimekwenda kwa Selemani, gitaa langu begani. Nimeomba radhi, mkewe akisikia. Nikamwambia kuanzia leo aanzishe yeye, nitafuata mimi.

Akaingia ndani, nikadhani ndiyo kaniacha, niage tu. Katoka na gitaa. Baiskeli itasubiri, kasema.

Tumepiga uani mpaka adhuhuri. Ridhimu ni ngumu. Nimekosea mara nne, na kila mara alisimama kunisubiri.