Chafya ya Ba

Jumanne, 5 Agosti
Unga nimekanda, chai nimechemsha, vyakula vya watoto vya shule nimefunga. Baridi ya kupasua midomo. Nikavaa koti, nikashika kitasa. Ba, mama mkwe wangu, akapiga chafya.

Kwetu Wagujarati mtu akipiga chafya unapotoka, hutoki. Unarudi, unakaa, unakunywa maji, mkosi upite. Ba hana mzaha na hilo. Nikakaa na koti langu mwilini huku Mama Furaha, anayenifundisha kuendesha, akipiga honi getini. Somo la kuendesha gari likawa nusu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wanangu wanakisikia lakini hawakisomi. Ba naye husoma Kigujarati tu. Hapa nina raha zangu.

Alhamisi, 7 Agosti
Chafya tena. Palepale mlangoni.

Mama Furaha, jirani yetu Mkongo, ana kombi mbili za kubeba watoto wa shule hapa mtaani Bertrams. Ya pili haina dereva. Ni yangu muhula ukianza Oktoba, nikiwa na leseni. Nisipokuwa nayo atampa mtu mwingine, na ana haki.

Usukani nimeutamani tangu Tanga, nilipokuwa nakaa mbele kwenye lori la baba. Wakasema mtoto wa kike hafanyi kazi ya udereva. Nikaolewa, nikaletwa Johannesburg, wakasema mke wa mtu hafanyi kazi ya udereva. Mume wangu Kirit hasemi ndiyo wala hapana. "Muulize Ba." Namuuliza Ba. Anapiga chafya.

Jumanne, 12 Agosti
Leo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani. Nimeukosa.

Chafya ya kwanza, nikakaa. Nikainuka, ya pili. Nikakaa tena kama mjinga. Nilipofika uwanja wa mtihani jina langu lilikuwa limeshaitwa na kupitwa. Mama Furaha alishika kiuno. "Eish, mama! Bibi anapiga chafya, weye unakaa? Atakuwa anapiga mpaka Krismasi, minakuambia!"

Nikacheka. Kisha kwenye robot, ndivyo wanavyoita hapa taa za barabarani, nyekundu ikiwaka, nikalia. Hakuna aliyenifunga kamba kwenye kiti kile. Nina hasira na Ba, na nina hasira zaidi na mimi mwenyewe.

Tarehe nyingine imepatikana, katikati ya Septemba. Ya mwisho kabla ya muhula.

Jumamosi, 16 Agosti
Siongei na Ba ila ya lazima. Chumvi. Maji. Dawa.

Lakini Jumamosi ni siku ya kumpaka mafuta ya nazi kichwani, na ugomvi si sababu ya kumwacha mtu mzima na nywele kavu. Kichwa chake kimekuwa kidogo. Nikamuuliza waziwazi: "Ba, zile chafya ni za kweli?"

"Ya kwanza ilikuwa ya kweli."

Mkono wangu ukasimama.

"Ulirudi ukakaa na mimi," akasema, bila kugeuka. "Tukanywa maji wawili. Watoto na Kiingereza chao, Kirit na duka lake. Wewe ukienda, humu ndani nitaongea na nani?"

Nampenda huyu bibi kizee. Inaniudhi, lakini nampenda.

Nikamwambia, "Nitakwenda, Ba. Na kila siku nitarudi." Akasema mafuta yametosha.

Jumatano, 17 Septemba
Nyumba nzima ina mafua. Mtihani ni leo leo.

Ba alikuwa amekaa karibu na mlango tangu asubuhi. Nikashika kitasa, nikamtazama. Uso ukaanza kumkunjamana, macho yakajaa machozi. Hii haikuwa ya uongo. Akashika pindo la sari, akabana pua kwa mikono yote miwili, na kichwa kikawa kinanipungia: nenda, nenda, nenda! Nikakimbia na viatu visivyofungwa. Niko nje ya geti nikaisikia imelipuka huko ndani, mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Sikurudi. Nimefaulu. Nimeegesha kinyumenyume bila kugusa nguzo hata moja.

Jumapili, 12 Oktoba
Kibali cha kubeba abiria kimetoka. Kirit ameniuliza, "Kwani kesho unaenda kweli?" Nikasema ndiyo. Akaenda kunipigia viatu rangi. Hajawahi.

Jumatatu, 13 Oktoba
Watoto kumi na wawili. Mmoja ametapika, mmoja ameimba njia nzima. Hakuna aliyeumia. Nimerudi nimechelewa, mabega yamekufa ganzi, nikijua bado kuna chakula cha kupika.

Harufu ya samli ilinipokea mlangoni. Ba alikuwa jikoni, ameshikilia meza kwa mkono mmoja, anasukuma chapati kwa mwingine.

Tangu niolewe, mimi ndiye wa kusimama jikoni. Wengine wanakula chapati za moto, moja moja zinapotoka, na mimi nakula mwisho, zikiwa zimepoa. Ndivyo mkwe anavyoishi, na Ba aliishi hivyo kabla yangu. Nikanyoosha mkono nimpokee kazi. Akaupiga kofi dogo la unga.

Nikakaa. Akaniwekea ya kwanza, ikiwa bado imevimba kwa mvuke, akauliza majina ya watoto wangu wa kombi. Nikamtajia mmoja mmoja. Ya tatu iliungua upande mmoja. Nikaila hivyo hivyo.