Vidole vya Yustina

Rahaleo, Mtwara
9 Septemba 1971

Kaka yangu Emmanueli,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe, shemeji Magreth na watoto hamjambo, na mgongo wako umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma.

Umeuliza kwa nini barua za Yustina siku hizi zinakuja kwa mwandiko wa mtu mwingine. Mwanao hawezi kushika kalamu. Ngozi ya mkono wa kulia ilianza kukauka, kucha zikapasuka, kikafuata kidonda kisichofunga. Alhamisi ijayo atakatwa vidole viwili.

Ni mionzi ya eksirei. Unakumbuka nilimtafutia kazi hospitalini, kwenye chumba changu cha picha, mwaka 1966, nikajisifu kwako. Majeruhi wa vita ya Msumbiji wanaovuka Ruvuma huletwa na vipande vya bomu mwilini. Daktari huvitafuta kwa koleo huku akitazama kioo cha mashine, na Yustina ndiye aliyekuwa akiwashika wasitikisike. Mkono wake ulikuwa humo humo kwenye mionzi.

Hospitali nzima inamlaumu daktari wa zamani, aliyekwisha kuhamishwa. Kweli yule bwana alikuwa na haraka kama anayefukuzwa. Alikuwa akiingia kwenye giza la chumba cha mashine moja kwa moja kutoka juani, haoni kitu, akaniamuru niongeze nguvu ya mionzi. Nikaongeza. Picha iling'aa, akanisifu, nami nikafurahi.

Mwaka huu amekuja Daktari Mohamedi. Yeye huvaa miwani myekundu dakika ishirini kabla ya kuingia, ili macho yazoee giza. Kisha huibana mionzi iangukie palipo na jeraha tu, na kuniambia nipunguze nguvu. Kaka, tulipunguza hadi robo, na kipande cha chuma kilionekana vilevile. Aliniuliza kama sikufundishwa hayo. Nikamjibu sikufundishwa.

Nilimdanganya. Nilifundishwa Dar es Salaam, na miwani niliyopewa ilikuwa kwenye droo yangu miaka yote hiyo. Siku moja tu nilimwomba yule wa zamani aivae na asubiri. Alicheka mbele ya manesi, akauliza tangu lini mpiga picha akampangia daktari saa ya kuanza kazi. Niliona haya, nikaifungia miwani, sikusema tena. Niliogopa kuchekwa, kaka, basi. Mkono uliokuwa ukiungua haukuwa wangu.

Yustina hajui. Sina uso wa kumwambia, ndiyo maana nimeanza na wewe. Njoo, nitalisema mbele yako, na ukitaka kunifikisha kwa wakubwa sitakuzuia. Najichukia. Kila asubuhi nikimfunga bandeji ananishukuru kwa kumpatia kazi, akiniita baba mdogo, nami naitika.

Nisalimie shemeji, na ukiona vyema mfiche habari hizi mpaka ufike huku.

Ni mimi mdogo wako,
Lukasi