Mawe ya Sefu Kando ya Kinamasi

Jumapili, 2 Juni 1912

Nimeficha jambo hadi nimezeeka nalo. Watu husema: Mzee Abdulrahim huketi kinamasini kila asubuhi akimwombea marehemu Sefu, mwenzake wa safari kutoka Pangani. Uongo! Naketi pale kwa ajili ya korongo.

Basi, limeandikwa. Wala sikufa.

Kifua kibovu, miguu myembamba kama yao, lakini macho yapo. Na darubini ipo, niliyopewa nilipoacha ukarani wa boma. Kioo kimoja kimepasuka. Kimoja chatosha.

Jumatatu, 3 Juni

Korongo wote wawili majini leo. Dume jicho jeusi, jike jicho la manjano. Mengine sawa: mdomo mwekundu wenye mshipi mweusi, na juu yake kipande cha njano kama tandiko la farasi. Jike amemchoma kambale, akamsuuza matope, akammeza, kisha akanywa maji. Nimekula na watu wa boma wasio na adabu hiyo!

Sauti hawana. Wakikutana kiotani hugonganisha midomo tu — ko-ko-ko. Makinda wawili juu ya mgunga, manyoya ya kurukia bado. Jua lilipokuwa kali dume aliwamwagia maji kutoka mdomoni.

Jumanne, 4 Juni

Lemburis, mkuu wa mfereji, amekuja. Shikamoo ndefu — ana jambo. Anataka kukausha kinamasi wapande mahindi. Mlowezi amechukua mashamba yao ya juu. Shida yake ni ya kweli, sikatai.

Nikamuuliza, na kaburi? Hapa kwa Waarusha kaburi la mzee halipitishiwi mfereji. Kila apitaye huongeza jiwe. Mawe ya Sefu yalikuwa machache nilipoyapanga, mwaka walipotaka kuchimba mfereji mara ya kwanza. Sasa rundo lanifika kifuani.

Lemburis akacheka. Mzee, ndugu yako amelala na vyura miaka yote hii, hajachoka na kelele? Ijumaa tutamhamishia kilimani, pakavu. Nitachinja kondoo. Wewe utamsomea.

Angekuwa mkorofi ningemshinda. Huyu ana heshima!

Jumatano, 5 Juni

Homa. Sikutoka. Binti yangu Siwema amekwenda kunitazamia: kinda mmoja husimama ukingoni mwa kiota akipiga mabawa. Haruki. Bado wiki kadhaa. Maji yakiondoka, samaki hakuna. Samaki wasipokuwapo makinda watakufa kule juu, midomo wazi.

Siwema akaniuliza, Baba, unalia kwa ajili ya Sefu au kwa ajili ya ndege? Nikamwambia ni kikohozi.

Tangu usichana wake humpelekea Sefu ubani kila Ijumaa. Hilo hunichoma kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 6 Juni

Wamekuja leo! Lemburis anasema watu wamepatikana mapema, na mzee hali yake si nzuri, afadhali ashuhudie. Nimebebwa juu ya kitanda changu. Naandika nikiwa nimeegemea mto, hatua chache kutoka kwenye mawe. Siwema ameleta sanda mpya ya kufungia mifupa.

Wanaondoa jiwe mojamoja, taratibu, kama watu wanaookota mayai. Hakuna anayetania. Mmoja amelibusu jiwe lake kabla ya kuliweka chini — aliliweka pale siku ya tohara yake, anasema.

Juu ya mgunga: ko-ko-ko. Dume amerudi. Siihitaji darubini.

Wamefika kwenye udongo. Majembe yameinuliwa.

Nimeinua mkono. Lemburis ameinama sikioni mwangu: Sema, mzee. Unataka kumsomea kwanza?

Hapana. Nimewaambia kwa sauti yote niliyobakiwa nayo: Siwema, sanda hiyo usiikunje, itatumika hapa hapa. Mawe yenu myarudishe yote, hayakupotea bure. Lakini Sefu alirudi Pangani kwa miguu yake mwenyewe. Humu hamna mtu bado.